Kanzidata ipi itaamka salama umeme ukirudi? PostgreSQL, MariaDB, MySQL na SQLite kwa wenye seva Arusha na Moshi

Jioni moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nilitoka Arusha kwenda Moshi kwa sababu ya duka moja la dawa za jumla. Umeme ulikuwa umekatika saa tisa alasiri. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ililia dakika mbili ikanyamaza, na umeme uliporudi programu ya mauzo ilifunguka lakini jedwali la mauzo likagoma. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema jedwali limeanguka, likarabatiwe. Nilimwamkia mama mwenye duka, akaitikia marahaba huku ameshika kaunta buku, akaniuliza, “Mwanangu, mauzo ya leo yameenda wapi?”

Niliendesha amri ya ukarabati. Ilirudisha mauzo mengi, si yote. Kibaya zaidi, kulikuwa na risiti zilizoandikwa nusu: stoo ilikuwa imepunguzwa boksi la amoksilini, lakini risiti yenyewe haipo. Tulikaa hadi saa nne usiku, yeye akisoma kaunta buku, mimi nikiingiza moja moja.

Programu ile ilitumia kanzidata ya MySQL, yaani programu inayotunza data kwenye majedwali, na aliyeitengeneza alikuwa amenakili majedwali ya zamani yanayotumia injini ya MyISAM, injini ikiwa ni sehemu inayoandika na kusoma majedwali. Injini hiyo haina miamala. Haijui kwamba kupunguza stoo na kuandika risiti ni kitendo kimoja, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kuacha faili bovu. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010 MySQL inatumia InnoDB kama injini ya kawaida, lakini jedwali lililoundwa kwa MyISAM hubaki hivyo hadi mtu alibadilishe kwa mkono.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague kanzidata gani ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, sianzi na grafu za kasi. Kwa duka, shule, hoteli au chama cha ushirika cha huku kwetu, PostgreSQL, MariaDB, MySQL na SQLite zote zina kasi ya kutosha na kubaki. Mimi naanza na mambo mawili: umeme ukikatika katikati ya kuandika inakuwaje, na ni nani atakayekuwepo kuirekebisha.

Umeme ukikatika

Zikiwa zimewekwa vizuri, zote nne hufanya kama yule mama na kaunta buku yake. Kabla badiliko halijafika kwenye jedwali, kuna daftari la pembeni linaloandikwa kwanza. Umeme ukirudi, kanzidata inasoma daftari: muamala uliokamilika unahesabiwa, ulioishia katikati unafutwa kana kwamba haukuwahi kuanza. PostgreSQL inaliita WAL. InnoDB, inayotumika na MySQL na MariaDB, ina logi yake ya namna hiyo. SQLite kwa kawaida hutunza kwenye faili la pembeni kurasa za zamani ili izirudishe ikibidi, na tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010 unaweza kuiwashia WAL yake pia.

Kuna hatari nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui: ukurasa kuandikwa nusu. PostgreSQL huandika kwa kurasa za kilobaiti 8, InnoDB kilobaiti 16, wakati diski yenyewe inahakikisha vipande vidogo zaidi. Umeme ukikatika katikati, ukurasa unabaki nusu mpya nusu wa zamani. PostgreSQL inajilinda kwa kunakili ukurasa mzima kwenye WAL mara ya kwanza unapoguswa baada ya kila kituo cha ukaguzi, yaani wakati mabadiliko yote ya kwenye kumbukumbu yanapomiminwa kwenye diski. InnoDB inaandika ukurasa mara mbili, kwanza pembeni, kisha mahali pake. Ulinzi huu umewashwa tangu mwanzo pande zote. Utakutana na ushauri mtandaoni wa kuuzima ili seva iwe na kasi. Usiuzime.

Ushauri mwingine wa aina hiyo ni kuibadilisha MySQL au MariaDB isiulazimishe kila muamala ufike kwenye diski, bali isubiri kama sekunde moja. Hapo kanzidata haitaharibika, ila umeme ukikatika unapoteza miamala ya sekunde hiyo. Kwa hesabu ya waliotembelea tovuti, sawa. Kwa rejesho la mwanachama wa SACCOS, hapana. PostgreSQL nayo ina swichi mbili zinazofanana kwa sura, na tofauti yao ni kubwa sana: kuzima synchronous_commit kunakupotezea miamala michache ya mwisho, lakini kuzima fsync, inayolazimisha data ifike kwenye diski, kunaweza kukuachia kanzidata nzima ikiwa haisomeki.

Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL waligundua jambo lililowatia hofu wengi. Diski ikishindwa kuandika, Linux ilikuwa inatoa taarifa ya kosa mara moja tu, kisha inazihesabu kurasa zile kama zimeandikwa. PostgreSQL ikijaribu tena inaambiwa mambo safi, kumbe data haipo. Walilijadili hadharani, na kwenye matoleo ya Februari 2019 wakabadilisha tabia: ikipata kosa hilo, PostgreSQL inajizima yenyewe kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye WAL. Mimi naithamini sana jumuiya inayotangaza udhaifu wake namna hiyo. Toleo la 18, lililotoka tarehe 25 Septemba 2025, limeongeza kingine: kanzidata mpya sasa huwekewa alama za kuhakiki kila ukurasa bila wewe kuomba. InnoDB ilikuwa nazo zamani, kwa hiyo hapa PostgreSQL ndiyo iliyochelewa.

SQLite watu huidharau kwa sababu ni faili moja tu. Wanakosea. Iko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, simu zinazozima chaji na kudondoshwa kila siku. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na yeye na wenzake wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Msimbo wa kuijaribu ni mkubwa mara mamia kuliko msimbo wa kanzidata yenyewe. Inapoharibika, mara nyingi ni sisi tuliofanya kosa. Nimeliona Arusha zaidi ya mara moja: duka lina kaunta tatu, fundi anaweka faili la SQLite kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ndani, kompyuta zote tatu zinaandika humo. Kufuli za faili kupitia mtandao hazitegemeki, na siku moja kaunta mbili zitaandika kwa pamoja. SQLite ni ya mashine moja. Kaunta zikiwa tatu, weka seva halisi ya kanzidata, au programu moja inayopokea maombi ya kaunta zote na kuandika peke yake.

Gari moja, safari mbili

Mji wa Arusha unaishi kwa utalii, na kila aliyefanya kazi kwenye ofisi ya safari anaijua aibu hii: Land Cruiser moja imepangiwa makundi mawili, moja linakwenda Tarangire tarehe 12 hadi 15, jingine Ngorongoro kuanzia tarehe 14. Wahudumu wawili waliangalia kalenda kwa wakati mmoja, wote wakaona gari liko wazi, wote wakabonyeza hifadhi.

Ukiiachia programu ikague, itakagua vizuri hadi siku wahudumu wawili wabonyeze ndani ya sekunde ile ile. Kinga ya kweli ni kanzidata yenyewe kukataa. PostgreSQL ina aina ya data ya kipindi, yaani mwanzo na mwisho vikiwa kitu kimoja, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, na ina kizuizi unachokiambia hivi: gari lile lile lisiwe na vipindi viwili vinavyogongana. Mhudumu wa pili anapata kosa papo hapo, hata akiwa amebonyeza nusu sekunde nyuma. Toleo la 18 limerahisisha zaidi, unaandika sharti hilo ndani ya ufunguo wa jedwali kwa maneno WITHOUT OVERLAPS.

MariaDB nayo inaweza, na ilitangulia kwa namna hiyo ya kuandika, tangu mfululizo wa 10.5. Ina na kitu kingine ninachokipenda sana: jedwali linalokumbuka historia yake, tangu 10.3. Bosi akiuliza bei ya safari ya siku tano Serengeti ilikuwa ngapi tarehe 1 Juni kabla mtu hajaibadilisha, unaiuliza kanzidata jedwali lilivyokuwa siku hiyo, inakujibu. Kwenye PostgreSQL utaliandalia hilo mwenyewe kwa triga, yaani amri inayojiendesha data ikibadilika, au kwa kiongezo. MySQL na SQLite hazina vitu hivi viwili. Utavijenga kwa mkono, na kwenye MySQL utalazimika kufunga mistari ya jedwali kwa uangalifu kabla ya kuandika.

Kuna na suala la kanzidata kukubali takataka. MySQL kabla ya 8.0.16 ya mwaka 2019 ilikuruhusu kuandika sharti kwamba bei isiwe chini ya sifuri, ikasema sawa, kisha isilifuate. Nimekuta mifumo ya zamani ambayo aliyeiandika aliamini kabisa amelindwa. SQLite usipoiambia jedwali liwe STRICT, jambo lililowezekana tangu 2021, itakubali neno “kumi” kwenye safu ya namba, na funguo za kuunganisha majedwali haizisimamii hadi uziwashe kila unapofungua muunganisho. PostgreSQL ndiyo kali kuliko zote. Mwanzoni inaudhi. Baada ya miezi sita unashukuru.

Angalia pia herufi. Kwenye MySQL na MariaDB neno utf8 kwa miaka mingi limemaanisha herufi zisizozidi baiti 3, na vikaragosi vya kwenye simu vinahitaji 4. Mgeni akiandika maoni yenye kikaragosi cha tembo, maoni yanakataliwa au yanakatwa. Andika utf8mb4.

Vihamba vya kahawa

Kwa upande wa Moshi, hiki ndicho kipengele kinachoamua. Kahawa ya Kilimanjaro inanunuliwa Ulaya pia, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu inadai kahawa iwe na taarifa ya mahali ilipolimwa. Shamba linalozidi hekta 4 linahitaji mipaka yake yote, dogo linatosha nukta moja ya latitudo na longitudo. Vihamba, yaani mashamba ya familia, vya Machame, Kibosho na Marangu ni vidogo, kwa hiyo nukta inatosha. Lakini katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ana maswali mengine. Je, wakulima wawili wamesajili kihamba kimoja? Je, kuna nukta iliyoangukia ndani ya mpaka wa hifadhi ya mlima? Je, kuna iliyoangukia baharini, kwa sababu kijana aliyekwenda kupima aligeuza latitudo na longitudo?

PostGIS, kiongezo cha PostgreSQL kilichoanza mwaka 2001, kinayajibu yote matatu kwa mistari michache, na QGIS, programu huria ya ramani, inafungua majedwali hayo moja kwa moja. MySQL na MariaDB zina aina za data za ramani na zinaweza kukuambia nukta iko ndani ya mpaka au la. Kwa kazi ndogo zinatosha. Ila siku kazi ya ramani itakapokuwa kubwa, huenda ukajikuta unahamia PostGIS. Afadhali uanze nayo. Vijana wa simu wanaopita mashambani wanaweza kukusanya kwenye SQLite bila mtandao, kisha wakifika ofisini data inapandishwa. Hizi mbili zinakaa pamoja vizuri sana.

Ni ya nani, na inakwenda wapi

Leseni inaonekana jambo la wanasheria hadi siku mwenye mali abadilishe mawazo.

PostgreSQL ilianza mwaka 1986 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. Haina kampuni mmiliki. Kampuni nyingi zinalipa watu waifanyie kazi, na kikundi kikuu kina kanuni kwamba kampuni moja isiwe na zaidi ya nusu ya wajumbe. Leseni yake inakuruhusu karibu kila kitu. Toleo kubwa hutoka mara moja kwa mwaka, huhudumiwa miaka 5, na viraka hutoka kila robo mwaka. Ratiba hiyo inatabirika kiasi kwamba unaweza kuiandika kwenye kalenda ya ukutani. Toleo la 13 lilifikia mwisho Novemba 2025, la 14 mwisho wake ni Novemba 2026.

MySQL ilianzia Uswidi mwaka 1995. Sun Microsystems waliinunua mwaka 2008, Oracle wakamchukua Sun mwaka 2010. Ni huria chini ya leseni ya GPL, lakini mwelekeo wake unaamuliwa na Oracle, na baadhi ya vitu vizuri viko kwenye toleo la kulipia. Jambo la kuchukulia hatua: MySQL 8.0, ambayo iko kwenye seva nyingi sana hapa kwetu, mwisho wake ni Aprili 2026. Ukiwa nayo, lengo lako ni 8.4, toleo la muda mrefu lililotoka Aprili 2024. Ukiwa bado na 5.7, ujue haijapata viraka tangu Oktoba 2023.

MariaDB ni tawi la MySQL lililoanzishwa mwaka 2009 na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, kwa hofu ya Oracle. Zote mbili zina majina ya binti zake, My na Maria. Kampuni ya MariaDB iliingia soko la hisa la New York mwisho wa 2022, ikayumba, na mwaka 2024 ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya K1 na kuondoka sokoni. Habari hizo zilitutia wasiwasi tunaoitumia. Kilichonituliza ni kwamba kuna taasisi isiyo ya faida, MariaDB Foundation, iliyo tofauti na kampuni hiyo, na matoleo yameendelea kutoka: 10.11 inahudumiwa hadi Februari 2028, 11.4 hadi Mei 2029. Jihadhari na usemi kwamba MariaDB na MySQL ni kitu kimoja. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Leo data za JSON zinahifadhiwa kwa namna tofauti, nakala hai za seva hazielewani kirahisi, na kutoka MySQL 8 kwenda MariaDB unahitaji kutoa data yote na kuiingiza upya.

SQLite haina leseni hata kidogo, ni mali ya umma. Lakini wanaoiandika ni wachache sana, na kwa kawaida hawapokei msimbo wa watu wa nje.

Mikono iliyopo

Nenda chuo chochote cha Njiro au Moshi mjini, uliza vijana wamejifunza nini. Wengi watakuambia lugha ya PHP na MySQL kupitia XAMPP, kifurushi kinachoviweka vyote kwenye kompyuta kwa pamoja. Wasichojua ni kwamba XAMPP tangu mwaka 2015 inabeba MariaDB ndani yake, kitufe tu ndicho kinachosema MySQL. Kwa hiyo ukiwa mbali na mfumo ukagoma, MariaDB ndiyo utakayopata kijana wa kuishika siku hiyo hiyo. Upangishaji wa bei nafuu nao ni wa MySQL au MariaDB, na WordPress inazitaka hizo.

PostgreSQL inahitaji mtu aliyeisoma kidogo. Ajue kwamba mistari iliyofutwa kwenye jedwali husafishwa na kazi ya nyuma iitwayo VACUUM, asiizime. Ajue kila muunganisho ni mchakato mzima kwenye kumbukumbu, na kikomo cha kawaida ni 100, kwa hiyo programu iliyoandikwa vibaya inaweza kuimaliza. Ajue kupanda toleo kubwa si kusasisha tu, kuna hatua za kufuata. Si mambo magumu. Nimemfundisha kijana aliyemaliza diploma kwa wiki mbili, na sasa ananisahihisha mimi. Tena mifumo mikubwa inayoitumia iko hapa hapa: DHIS2, inayokusanya takwimu za afya nchini, inakaa juu ya PostgreSQL, na Odoo, programu ya kuendeshea biashara, vilevile.

Kwa hiyo uchukue ipi

Duka la kaunta moja, au programu ya simu: SQLite, ukiwasha STRICT na WAL. Tovuti ya hoteli, blogu, mfumo wa shule uliokwisha andikwa kwa PHP: MariaDB. MySQL chukua pale mfumo ulionunua unapoitaka kwa jina, au tayari unayo na inakwenda vizuri, basi panda 8.4 uendelee na kazi. Fedha za wanachama, nafasi za magari na vyumba, dawa, ramani za mashamba, na kila kitu kipya kinachoanza kuandikwa leo na mtu aliye tayari kujifunza: PostgreSQL. Mimi binafsi naanzia hapo, na natafuta sababu ya kutoka.

Kuhusu chelezo, yaani nakala za akiba, ni yale yale kwa zote. SQLite usinakili faili likiwa linaandikwa, tumia amri yake ya kutoa nakala. Nyingine tatu toa nakala kila usiku na uitoe nje ya jengo, ukiifunga kwa neno la siri, kwa sababu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 majina ya wagonjwa na wateja ni dhamana yako. Kisha irejeshe uone. Januari 2017 GitLab, tovuti ya kutunzia msimbo wa programu, walifuta kwa bahati mbaya data za seva yao kuu ya PostgreSQL, wakakuta chelezo zao za kila siku hazikuwa zikifanya kazi: programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na seva, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa. Walipoteza data za saa 6 hivi, na walilieleza kosa lao hadharani.

Duka la Moshi tulilihamishia PostgreSQL baada ya masika yale, tukaweka UPS yenye betri mpya inayoiambia seva ijizime taratibu. Kila Jumamosi asubuhi msaidizi wa dukani anarejesha nakala ya Ijumaa kwenye kompyuta mpakato ya ofisini, anafungua ukurasa wa mauzo, na mama anasoma jumla ya siku kutoka kwenye kaunta buku yake. Hajaiacha kaunta buku, na sijamwomba aiache.